Gari ndogo si ngazi ya kupandia kubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba usinikatie manake hili jambo nimekaa nalo rohoni muda mrefu. Kila harusi, kila matanga, kila kikao cha chama nikishuka kwenye gari yangu hakosi mtu wa kuniuliza, "Dadangu, sasa utanunua gari lini?" na ameniona kwa macho yake nikifunga mlango. Mwengine anaiita tuktuk ya milango minne. Kicheko chenyewe sina shida nacho, shida yangu ni lile wazo lililo nyuma yake, kwamba gari ndogo ni kitu cha kuvumilia tu mpaka Mungu akufungulie upate ile ya kweli, ile ya kupanda kwa kijingazi na kuangalia watu kutoka juu. Mimi nasema hapana. Gari yangu nimeichagua, na hata leo mtu akinipa pesa mkononi sibadilishi.

Ni Toyota Starlet ya cc 1300, manuali, gia tano, ya miaka ya tisini, usukani hauna pawa, vioo unazungusha kwa mkono, na rangi nyekundu imeshapauka kwa jua la huku kwetu. Toyota waliacha kuzitengeneza mwaka 1999 wakaleta Vitz mahali pake, na kwa vile sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, basi Starlet zilizoko Kenya ndizo hizo hizo, hakuna nyengine inayokuja. Ndio maana ukiona mtu anaitunza usimcheke.

Watu wakiongea gari huku kwetu wataongea bei, mafuta na spea, na hayo nitayafikia. Lakini raha ya kuendesha haitajwi kabisa, utadhani ni dhambi, utadhani mtu mzima mwenye watoto hafai kusema anapenda kushika usukani. Wacha mimi niseme.

Ukitoka hapa Malindi kwenda Mombasa barabara kuu kwa sehemu kubwa imenyooka, ukipita Gede msitu wa Arabuko-Sokoke uko mkono wa kulia na hori ya Mida mkono wa kushoto, huna la kufanya ila kushika njia yako na kuangalia matrela. Sawa. Sasa siku huna haraka, vuka daraja la Kilifi, ukifika Mavueni kata kulia ushike njia ya Kaloleni. Hapo ndo gari ndogo inaamka. Barabara inapanda inashuka katikati ya minazi, kona hii hujaimaliza vizuri nyengine ishafika, na wewe unafanya kazi kweli kweli, unaachilia mafuta kabla ya kona, unapiga gia ya pili, injini inapandisha sauti, pua inaingia kona bila kusita, unakanyaga tena unatoka, gia ya tatu, na mbele kuna mlima mwengine mfupi unataka uamue sasa hivi kama utaupanda na ya tatu au utarudi ya pili. Na angalia mshale wa mwendo: hujafika hata kilomita 60 kwa saa. Hujamkimbiza mtu, hujavunja sheria, mama amekaa na kikapu chake kando ya njia hata hajageuza shingo. Lakini wewe ndani umefurahi mpaka unacheka peke yako.

Gari kubwa yenye injini ya lita nne hiyo 60 haiihisi hata kidogo, imelala. Ili ufurahie gari ile lazima uende mwendo ambao barabara zetu haziwezi, na watoto wa shule wanaovuka hawawezi, na polisi pia hawataki. Hapo ndipo watu wengi hawajafikiria. Nguvu nyingi usizoweza kutumia si raha, ni mzigo umelipia. Starlet yangu haifiki kilo 900, Toyota Prado, moja ya hizo kubwa, inapita tani mbili, kwa hivyo ile kubwa kila ikitaka kugeuka au kusimama inapigana na uzito wake wenyewe, na waliotengeneza wameweka springi na shoku na mipira ya kuficha yote hayo usiyasikie. Aliyevaa makubadhi anajua anakanyaga mchanga au changarawe, wa buti hajui. Mimi nikikanyaga changarawe kwa gurudumu la mbele kulia naisikia kwenye vidole, lami ikiwa na maji naisikia kabla sijaiona, na hiyo kwangu ni raha na ni usalama pia.

Halafu manuali. Nilipokuwa natafuta gari, yadi karibu zote nilizoingia Mombasa jambo la kwanza walinionyesha otomatiki, ati mwanamke atachoka na klachi. Mwanamke anayebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani ndio achoke na klachi! Wenzangu wanawake wanaosoma hapa, hasa wasichana wanaojifunza sasa hivi, jifunzeni manuali. Ukishaizoea hujiulizi tena, mguu na mkono vinaelewana wenyewe, na gari ikikuzimikia betri kule Ganda watu wawili wakusukume inawaka, otomatiki hiyo usahau.

Mimi alinifundisha ami yangu. Alikuwa anamfanyia kazi mzee mmoja wa Kitaliano pale Casuarina na huyo mzee alikuwa na Fiat Panda ya kale, kijisanduku hivi, na jioni jioni alimruhusu ami anifundishe kwenye njia za vumbi. Malindi tumekaa na Waitaliano tangu ule mradi wa San Marco wa kurusha setilaiti kule Ngomeni miaka ya sitini, tumejifunza lugha yao, piza tumekula, lakini hili moja hatukulichukua kwao: kwao gari ndogo haina aibu. Fiat walitoa ile 500 mwaka 1957, mhandisi wake Dante Giacosa, injini ya cc 479 iko nyuma, silinda mbili, inapozwa na upepo, nguvu farasi 13 tu, urefu haufiki hata mita tatu. Nchi ilikuwa inatoka vitani watu wengi wanapanda skuta, na kigari hicho kikabeba familia nzima. Leo matajiri wanakitafuta kwa pesa ndefu. Ami alikuwa akisema Panda ya mzee unaongea nayo, na mpaka leo sijapata maneno mazuri kushinda hayo.

Mini nayo ya Uingereza ilizaliwa kwa sababu ya shida ya mafuta, na hili nataka wenzangu wa Kenya walisikilize vizuri. Mwaka 1956 mfereji wa Suez ukafungwa, petroli Uingereza ikawa ya kupimiwa, kampuni ya BMC ikamwambia Alec Issigonis atengeneze gari inayokula kidogo. Akailaza injini ya cc 848 kwa upana, gia akaziweka chini yake, magurudumu ya inchi 10 akayasukuma mpaka kwenye pembe nne kabisa za bodi, na mwaka 1959 ikatoka gari ya mita tatu na kitu ambayo watu wanne wanakaa. Kule kusukuma magurudumu pembeni alitafuta nafasi ya abiria, lakini ndiko kulikofanya gari ishike kona vile, na ukifungua boneti ya Starlet yangu, au Vitz, au Alto, au March, utakuta injini imelala kwa upana hivyo hivyo. Basi mwaka 1964 Mini Cooper S ya Paddy Hopkirk ikaenda rali ya Monte Carlo, mashindano yaliyokuwa na Ford Falcon za Marekani zenye injini kubwa za V8, silinda nane, na ikashinda. Mini zikashinda tena 1965, na 1967.

Na msiseme hiyo ni Ulaya kwenye theluji. Safari Rally yetu wenyewe mwaka 1962 aliishinda Tommy Fjastad na Volkswagen 1200, ile ya mviringo ambayo wazee wetu wengi, walimu, makarani, madaktari, ndiyo waliyokuwa nayo. Matope ya Afrika Mashariki ya wakati ule si mchezo. Nikiambiwa gari ndogo haiwezi barabara za Kenya huwa nawakumbusha hiyo.

Lakini waliolifanya jambo hili likawa maisha ya kila siku ni Wajapani. Tangu 1949 wana aina ya magari wanayaita kei, na serikali imeyawekea mipaka, leo injini isizidi cc 660, urefu mita 3.40, upana mita 1.48, na mwenye nayo analipa kodi ndogo, sehemu nyingi za mashambani hata hatakiwi kuonyesha kwamba ana pahali pa kuegesha. Zaidi ya thuluthi ya magari mapya yanayouzwa Japani ni hayo. Nchi tajiri ile! Osamu Suzuki, mkuu wa kampuni ya Suzuki, alipotoa Alto ya kwanza mwaka 1979 aliiweka bei ya yeni 470,000 nchi nzima bei moja, vikolombwezo akaondoa, ikauzwa mpaka wengine wakamfuata. Ile Alto ya mwishoni mwa 2014 ilipimwa na vipimo vya kwao ikatoa kilomita 37 kwa lita, na nyepesi kabisa kati yake ina kilo 610. Usitegemee 37 kwenye matuta yetu, lakini 20 unaipata bila kujinyima, na hata bila kuzima AC, na kwa joto la Malindi mwezi wa pili AC si anasa.

India ndiko kunakonihuzunisha, na ndiko naona kunafanana na sisi. Mwaka 2008 kampuni ya Tata walionyesha gari ndogo ya Nano, cc 624, bei waliyoitaja rupia laki moja, na mkuu wao Ratan Tata alisema wazo lilimjia alipoona familia imejazana kwenye skuta moja kwenye mvua. Nani hapa Malindi hajaona hivyo? Baba, mama, mtoto katikati na mwengine kwenye tangi, bodaboda moja, barabara kuu, usiku. Kigari kile kingeokoa watu. Lakini kilitangazwa kama gari ya bei rahisi kabisa duniani na watu wakakikimbia, hakuna aliyetaka jirani amuone nacho. Yalikuwepo mambo mengine, kiwanda kilihama kutoka Singur kwenda Gujarat, magari machache yakashika moto, ila Ratan Tata mwenyewe alikuja kusema ule utangazaji wa urahisi uliharibu. Miaka kumi baadaye ilikuwa karibu imekwisha. Na India hiyo hiyo Maruti 800, ndogo vile vile, ilitengenezwa tangu 1983 mpaka 2014 na watu waliionea fahari! Tofauti ni macho ya watu tu. Kwa hivyo ukimcheka mtu na Alto yake pale sokoni usidhani ni utani mwepesi, unamrudisha mwenzako kwenye pikipiki, au unamsukuma akachukue mkopo wa sako wa miaka sita anunue gari ambayo atashindwa kuijaza tangi.

Haya, pesa. EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei za mafuta, wanatangaza bei mpya kila tarehe 14 na sote tunakaa roho juu, mwaka 2023 tuliona petroli ikipita shilingi 200 kwa lita. Tuchukue 180 ili hesabu iwe rahisi. Malindi Mombasa kwenda na kurudi ni kama kilomita 240. Starlet yangu kwa kilomita 15 kwa lita inakula lita 16, shilingi 2,880. Alto kwa 20 ni lita 12, shilingi 2,160. Gari kubwa ya petroli inayotoa 7 ni lita 34 na zaidi, umepita shilingi 6,000 na bado hujanunua maji ya kunywa. Mtu wa kwenda Mombasa hospitalini kila mwezi na mzazi wake anajua hiyo tofauti ni nini. Tairi ya inchi 13 nayo, bima, oili, breki pedi, kila kitu ni kidogo kwa sababu gari ni ndogo, na ushuru wa bidhaa wakati wa kuingiza pia uko chini kwa injini isiyozidi cc 1500. Hayo mengi mnayajua.

Ila kuna moja naona watu wamelisahau haraka. Kwenye Mswada wa Fedha wa 2024 kulikuwa na pendekezo la kodi ya magari, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue 5,000 wala isizidi 100,000. Piga hesabu mwenyewe. Mwenye kigari cha laki moja unusu angelipa 5,000, hiyo ni zaidi ya asilimia 3. Mwenye gari ya milioni 10 angelipa 100,000, asilimia 1. Yaani anayejibana ndiye angebanwa zaidi! Liliondolewa mwezi wa sita mwaka ule ule, alhamdulillahi, lakini mambo kama hayo hurudi na jina jengine, na likirudi nawaomba wabunge wetu wa Kilifi na Lamu wafikirie kinyume chake, kama Japani, gari nyepesi inayokula kidogo na kuharibu barabara kidogo ilipe kidogo. Jamaa zangu wa Lamu mjini najua haya hayawahusu sana, nyinyi na punda zenu na mashua mko mbele yetu, lakini wa Mokowe na Mpeketoni wananisikia.

Sasa kwa anayetaka kununua na anaishi pwani, hili ndilo ninaloulizwa sana. Adui wetu huku si maili wala umri, ni kutu. Upepo wa bahari una chumvi, gari inayolala Shella au Casuarina karibu na maji inaliwa kutoka chini na ndani ya milango mahali usipoona, rangi juu inang'ara na chini ni chujio. Kabla hujaangalia injini inua kapeti ya miguuni, inua tairi ya akiba kwenye buti uangalie chuma cha chini, pitisha mkono chini ya milango, na fungua boneti uangalie pale shoku za mbele zinaposhikilia bodi, hapo kukiwa kumeoza ondoka, hata wakupe bure. Injini inafungwa upya hapa hapa Malindi na fundi wa jua kali mwenye akili, bodi iliyooza haina dawa. Halafu ukishanunua, osha chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, sio juu tu, hasa ukitoka ufukweni, na mashimo ya kutoa maji chini ya milango yazibue na kijiti. Wengine wanapaka oili chafu chini, mimi siipendi, inashika mchanga na inamwagika ardhini, afadhali ile rangi nzito nyeusi ya chini ya gari, ipakwe pakiwa pakavu kabisa.

Rejeta ndio ya pili. Joto letu halisamehi. Hizi injini ndogo zinavumilia mengi lakini ukizichemsha gasketi inakwenda, kwa hivyo tia dawa ya rejeta usitie maji ya kisima, yale maji yetu mengi yana chumvi, na jicho lako liwe kwenye mshale wa joto kama lilivyo barabarani.

Ntasema na la upande wa pili manake sitaki mtu aumie kwa maneno yangu. Gari nyepesi ikigongana na nzito, nyepesi inashindwa, hiyo haina mjadala. Mimi usiku barabara kuu ya Mombasa siendi kama si lazima, trela zenye taa moja, ng'ombe, watu wanatembea gizani. Mkanda kila mtu, wa nyuma pia. Kuovateki na cc 1300 ikiwa na watu wanne kunataka nafasi ndefu na subira, ukiona basi la Lamu linakuja usijaribu. Na ukipata uwezo wa kuchagua kati ya ya kale kama yangu na mpya kidogo yenye mifuko ya hewa na breki za ABS, chukua hiyo mpya, tena chukua manuali kama unaipata. Mvua kubwa ikinyesha njia za ndani kule kwenye udongo mweusi Starlet haipiti, na aliye na shamba Marereni au anabeba magunia anahitaji pikapu, huyo simshauri. Lakini tuwe wakweli, wangapi wenye zile gari kubwa hapa mjini wanazipeleka shambani? Wengi ni nyumbani, kazini, sokoni, msikitini au kanisani, na Gede Jumapili. Mtu mmoja ndani ya tani mbili, anatafuta pahali pa kuegesha karibu na soko la zamani anazunguka mpaka azani inaisha. Mimi nimeshaingia, nimeshanunua samaki, nimeshatoka.

Familia? Tuko watano nyumbani, tunaenea. Watoto wanabanana nyuma wanagombana, na wangegombana hata ndani ya basi. Mkubwa wangu wa kike ameshaanza kuuliza maswali, kwa nini unakanyaga klachi kabla ya kusimama, kwa nini injini inalia hivi ukishuka mlima na gia ya pili. Najibu yote. Kwenye gari iliyo kimya na vioo vya giza sijui angeuliza nini.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Kila nikifungua kurasa za magari kwenye magazeti naona gari ambazo msomaji wa kawaida ataziona kwenye msafara wa wakubwa tu. Tumeni mwandishi huku. Aende kwa mafundi wa Malindi, Kilifi na Mtwapa awaulize gari gani ndogo zinadumu kwenye chumvi na zipi hazidumu, aandike bei za spea za Alto, Passo, Vitz, Demio, March, moja moja, aendeshe manuali na aseme ukweli vile alivyosikia mikononi. Na wenye yadi kama wanasoma, leteni manuali hata chache, mkiona haziuzwi mniambie mimi nitawatafutia wateja, nawajua tayari, wananiuliza kila siku pale sheli. Na kama atakosa pa kujaribia huyo mwandishi, Starlet yangu iko hapa Malindi, ina petroli, tutakwenda naye mpaka Kaloleni.

Msomaji wenu,
Malindi.